Wazamiaji

Ziara ya Doha inayouzwa kwa abiria wanaosubiri ndege ya pili huchukua muda wa saa tatu, na katika muda huo mji unaonekana kama ulizaliwa juzi. Silaumu. Ukipewa basi moja, kiyoyozi, na watu ishirini wenye usingizi wa nchi kumi tofauti, nawe utachagua cha kuonyesha. Mimi nilikuwa na muda wa saa kumi na moja kati ya ndege iliyonitoa Dar es Salaam na ile ya kunipeleka London, na kati ya kulala kwenye kiti chini ya yule dubu mkubwa wa manjano aliyechomekwa taa kichwani (ni sanamu ya Urs Fischer, watoto wanaipenda, mimi ilinitisha) na kuuona mji, nilichagua mji.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa Kerala aliyekaa Doha miaka kumi na miwili. Alikuwa hodari. Alituhesabu kama mwalimu anayepeleka darasa kutembelea mbuga, akatuambia mapema ni upande gani wa basi utakaopata picha nzuri, na alijua kunyamaza pale bahari inapojieleza yenyewe. Tulisimama dakika kumi na tano kulitazama Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, lililofunguliwa mwaka 2008, ambalo msanifu wake, I. M. Pei, alikuwa ameshavuka miaka tisini. Inasemekana hakutaka siku moja maghorofa yaje kulibana jengo lake, hivyo akajengewa kisiwa chake peke yake. Tukapita Katara, tukaona msikiti wa vigae vya dhahabu na minara ya njiwa. Kisha tukafika The Pearl, kisiwa kingine cha kutengenezwa kwa mikono ya watu, chenye fleti na boti za kifahari zilizopangwa kama viatu mlangoni mwa msikiti.

Hapo ndipo mwongozaji alipotueleza habari za lulu. Kabla ya mafuta na gesi, alisema, nchi hii iliishi kwa lulu, na hata mahali hapa palipojengwa visiwa palikuwa karibu na maji ya wazamiaji. Alieleza kwa Kiingereza, lakini kila alipohitaji neno la kazi yenyewe alirudi kwenye Kiarabu, na kila aliporudi huko nilijikuta nyumbani. Lulu ni lulu. Nakhuda ni nahodha. Nilicheka peke yangu, na mama mmoja wa Australia aliyekaa pembeni yangu akanitazama kama mtu aliyepitwa na utani.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Msimu mkubwa ulikuwa wa karibu miezi minne, kwenye joto kali kuliko yote ya mwaka. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akafunga jiwe mguuni, akashuka kwa pumzi moja. Chini huko alikwangua chaza na kuwatia kwenye kikapu kilichoning'inia shingoni, kisha akavuta kamba ili mwenzake aliyekuwa juu amnyanyue. Alishuka hivyo mara kadhaa wa kadhaa kwa siku. Masikio yalipasuka, macho yaliharibiwa na chumvi. Na kabla hajapanda chombo alikuwa ameshakopeshwa na nahodha pesa za kuacha nyumbani, deni ambalo lulu za msimu mmoja mara nyingi hazikulimaliza, nalo likamngoja msimu unaofuata. Kuna waliokufa nalo likahamia kwa watoto wao.

Mwongozaji alisimulia haya vizuri, kwa huruma hata. Mama wa Australia aliuliza, "Walikuwa nani hao?" Akajibiwa, "Wazee wa hapa."

Ni kweli, wengine walikuwa wazee wa hapa. Nami nisingekuwa na la kuongeza kama utafiti wangu wa shahada ya uzamili usingekuwa juu ya wale wengine.

Nasoma maombi ya watumwa waliokimbilia kwa mawakala wa Kiingereza katika Ghuba, Bahrain, Sharjah na Muscat, kuomba hati ya uhuru. Nyaraka hizo zimo London, na nyingi sasa zimepigwa picha na kuwekwa kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, kwa hiyo unaweza kuzisoma ukiwa kitandani Mbagala ikiwa bando linaruhusu. Kila ombi ni fupi. Karani ameandika jina, umri wa kukisia, mtu alivyotekwa, mabwana waliommiliki kwa zamu, na sababu ya kukimbia. Kuna waliozaliwa hukohuko utumwani, wapo waliotoka Uhabeshi na Baluchistan, na wapo waliotoka pwani yetu au nyuma ya pwani yetu, walioibwa wakiwa wadogo na kupakiwa jahazini hata baada ya Sultani Barghash kulifunga soko la Zanzibar mwaka 1873. Wanaume wengi kati yao walikuwa wazamiaji. Fungu lao la lulu lilikwenda kwa bwana.

Sijui niuelezeje ugumu wa kukaa ndani ya basi lenye kiyoyozi ukiwa na habari kama hizi kichwani. Ukinyanyua mkono utakuwa yule abiria anayeharibu ziara ya wenzake. Sikunyanyua. Na sababu haikuwa haya tu. Mwongozaji alikuwa kazini, basi lina mtu wa kumtoza maswali, na ya kwake ya kusema kuhusu nani anafanya kazi gani katika nchi hii bila shaka alikuwa nayo.

Kiswahili kimenisumbua sana katika utafiti huu, kwa sababu mzamiaji kwetu ni watu wawili. Ni anayeingia majini, na ni kijana aliyejificha kwenye meli au kuvuka mpaka usiku ili akatafute maisha Durban au Ugiriki. Jamaa kazamia, tunasema, na hakuna anayeuliza amezama kwenye maji gani. Baba yangu mdogo hutania kwamba nilichokwenda kusoma Ulaya ni shahada ya kuzamia. Viza yangu ameiona kwa macho yake, utani haujaisha.

Halafu, kusema haki, ziara zetu nazo huchagua. Nimewahi kuwapeleka wageni Mkunazini, Zanzibar, penye kanisa la Anglikana lililojengwa soko la watumwa lilipokuwa. Wanashushwa kwenye vyumba vya chini, wanainamisha vichwa, wanatoka macho mekundu. Wanaambiwa habari za Waarabu. Ni mara chache wanaambiwa habari za machifu wa bara waliouza majirani zao, au za matajiri wa kila rangi waliokaa kwenye karafuu wakisubiri mtu wa kuzichuma. Historia ya uovu wa mtu mwingine inauzika vizuri zaidi, nasi tunahitaji dola.

Kituo cha mwisho kilikuwa Souq Waqif. Soko hili lilikarabatiwa upya miaka ya 2000 hadi likafanana na lilivyokuwa zamani kuliko zamani yenyewe: kuta za udongo, boriti zilizochomoza nje, viungo kwenye magunia, na duka la kozi ambako ndege wamekaa mstari mmoja wamevikwa kofia za ngozi. Wazee wenye vizibao rangi ya damu ya mzee wanasukuma toroli wakibebea watu mizigo. Tulipewa dakika hamsini za kuzurura. Harufu ya iliki na ubani ilinipiga kama ya Ijumaa kwa bibi, na siku nyingine ningezimaliza hapo zote hamsini. Lakini nilikuwa nimeiangalia ramani kabla sijapanda ndege. Mwendo wa dakika kumi tu kutoka sokoni, mtaa wa Msheireb, kuna nyumba ya Bin Jelmood.

Ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya utumwa katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi, nayo ni moja kati ya nyumba nne za kale zilizohifadhiwa pale katikati ya vioo na marumaru. Nilitembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa swala, huku nikiongea na mama kwenye simu, kwa sababu alikuwa amepiga mara tatu kuuliza kama nimeshafika Ulaya.

Nilikuwa na dakika ishirini na tano ndani. Vyumba vimezunguka ua, vina giza la makusudi, maelezo ni ya Kiarabu na Kiingereza. Kuna ramani ya bahari ile ile ninayoitazama kila siku kwenye kompyuta, lakini ukutani ni kubwa, na pwani yetu inaonekana ilivyo karibu. Upepo wa kusi tu na umefika. Niliyoyatafuta yalikuwemo. Lulu zilishuka bei pale Wajapani walipojua kuzifuga na dunia ikaingia kwenye mdororo wa 1929. Mafuta yalipoanza kuchimbwa, watumwa waliajiriwa na kampuni ya mafuta na sehemu ya mishahara yao ikaenda kwa mabwana. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952, na waliolipwa fidia ni wenye watumwa. Mwaka 1952! Bibi yangu alikuwa ameshaolewa.

Sikutegemea kukuta lawama zinazofika hadi leo, lakini zipo. Mwishoni makumbusho yanazungumzia utumwa wa sasa, pamoja na wafanyakazi wa kigeni waliofungwa na mfumo wa udhamini. Nimetembelea majumba mengi ya historia barani Ulaya yasiyothubutu kuvuka karne ya ishirini. Nilijikuta naiheshimu nyumba ile na kuikasirikia ziara iliyopita karibu yake bila kuitaja.

Nje, mlinzi aliyesimama kwenye kivuli cha jengo la jirani alinisemesha.

"Dada, watoka Bongo? Nimekusikia ukiongea na mamako."

Alikuwa wa Kilifi. Kiswahili chake kilinipa raha ambayo nusu ni ya lugha na nusu ni ya kuitwa dada na mtu ambaye siyo mtandao. Tuliulizana habari za nyumbani, bei ya unga, mvua. Ana mwaka wa nne Doha. Wakala mmoja wa Mombasa alimtoza pesa nyingi kumtafutia kazi. Baba yake aliuza sehemu ya shamba la minazi, iliyobaki akakopa. Miezi kumi na minne ya kwanza yote ilikuwa ya deni. Sasa amehamia kampuni nyingine, jambo ambalo kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2020 asingeliweza bila idhini ya mwajiri wa kwanza. Pasipoti anayo mwenyewe. Alilisema hilo kabla sijauliza, kama mtu aliyezoea kuulizwa.

Nilimwambia nilikotoka, nikamuuliza kama ameshaingia.

"Nimeingia. Siku ya mapumziko."

"Umeonaje?"

Alitazama mlango wa nyumba ile kwa muda. "Pale juu pa zamani, nililia. Wale ni babu zetu. Lakini kule mwisho, nikaona watu wa helmeti, wa mavesti. Nikauliza, huyu ni mimi? Wameniweka humu?" Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Mtumwa hatumi pesa nyumbani, dada. Mimi nimejenga. Mabati nimepiga mwenyewe, na mdogo wangu yuko fomu tatu."

Mwanafunzi wa historia ana jibu la haraka kwa maneno haya. Angeweza kusema kwamba hata mzamiaji aliyepewa hati ya uhuru mara nyingi alirudi kwenye chombo kile kile, kwa nahodha yule yule, kwa sababu ya deni, na kwamba miezi kumi na minne ni misimu mingapi ya lulu. Ninazo kurasa arobaini za sura ya pili zinazosema hivyo, zimejaa tanbihi. Lakini mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameisoma hoja hiyo ukutani kwa macho yake, akaikataa, na kukataa kwake hakukutokana na kutojua. Yale maombi ya uhuru ninayoyasoma yaliandikwa na makarani. Sijawahi kupata hata moja ambalo mwenyewe ameongeza chini: hapa mmeniandika vibaya.

"Basi ningekuandikaje?" nilimuuliza.

"Usiniandike, nipige picha. Ya mama. Simu yangu kamera imekufa, nitumie WhatsApp."

Nilikuwa na dakika kumi na mbili za kurudi kwenye basi. Akavua kofia ya kazi akaificha nyuma ya mgongo, akanyoosha kola. Nilimweka katikati ya kioo cha simu, nyuma yake ukuta mweupe wa nyumba ya Bin Jelmood na mlango wake wa mbao, picha ambayo ingefaa kabisa jalada la tasnifu. Akageuka, akaona kilicho nyuma yake, akasogea hatua tatu kushoto mpaka mlango ukatoka na yakabaki maghorofa.

"Hapo," alisema. "Piga mbili."