Wale waliomuona Mwenda kwa macho yao

Jumapili, juma mbili zilizopita, mgeni wa kipindi chetu cha jioni hakufika. Pikipiki yake ilikwama kwenye matope upande wa Fungurume, na sisi tulikuwa na dakika nne za kujaza kabla ya matangazo ya vifo. Nilitafuta kwenye simu yangu wimbo wowote usio na matusi, nikaangukia "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda. Niliupiga bila kutaja jina la mwimbaji. Nilijiambia: ni wimbo wa zamani, nani atauliza?

Wimbo haujafika nusu, simu ya studio ikalia. Alikuwa mama mmoja wa hapa Tenke.

"Mwana, rudisha nyuma kiloko. Nilikuwa ku jiko, sikusikia mwanzo."

Nilimweleza kwamba redio hairudishwi nyuma kama kaseti. Akasema basi nipige tena. Nikapiga tena, na matangazo ya vifo yakachelewa. Wale walionung'unika wanisamehe. Jioni ile tulipata simu kumi na moja, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza jina la mpiga gitaa. Wote walilijua. Wanne kati yao walisema neno moja ambalo limenikaa kichwani mpaka leo: "Mie nilimuonaka." Yaani hawakumsikia tu kwenye redio, walimuona.

Kwa vijana wasiomjua, nieleze kwa kifupi. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa mfalme M'siri na Wayeke, ambao leo uko katika teritware yetu ya Lubudi. Kwa hiyo si mtu wa kutoka mbali, ni mtoto wa hapa. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi muziki, alimkuta Likasi, wakati ule mji ukiitwa Jadotville. Akamrekodi. Sahani zile za santuri zilitembea kuliko mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 50 na mwanzoni mwa miaka ya 60 Mwenda alikaa Nairobi, akawa na kipindi chake kwenye redio, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani, kwenye tamasha ambapo wakubwa wa muziki wa kule walipigia. Wakati wa Mobutu, watu walipoacha majina ya Kikristo, akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1988 alirekodi Cape Town. Mwezi wa tisa mwaka 1990 akafa katika ajali ya gari nchini Zambia.

Mimi nilizaliwa mwaka 1992. Kwa hiyo kwangu Mwenda ni sauti tu. Ndiyo sababu, juma lile lote, baada ya kazi, nilizunguka kwa wale waliopiga simu ili wanieleze walichokiona.

Wa kwanza ni papa mmoja anayekaribia miaka 80, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Kila mtu anajua kwamba hapa Tenke reli inagawanyika: moja inakwenda Kolwezi na Dilolo, nyingine inapanda Kamina. Yeye alikuwa mtu wa kugeuza njia, kuhakikisha gari la moshi la Kamina haliendi Kolwezi. Lakini utoto wake ulikuwa Likasi, mtaa wa Kikula, baba yake akiwa mfanyakazi wa Union Minière.

Anasema jioni moja waliona kijana anakuja barabarani anatembea huku anapiga gitaa. Shati safi, viatu safi. Hakuwa analewa, hakuwa anaomba feza. Watoto wakamfuata. "Sie tulikuwa batoto kama kumi," aliniambia. "Tulisikia magitaa mbili, lakini tunaona moja. Basi bamoja betu bakaenda nyuma yake kuangalia kama kuko mwenzake anajificha."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyosha mkono wake wa kuume, mkono uliovuta vyuma vya reli miaka thelathini, akanionyesha siri yenyewe. Kidole gumba kinatembea chini kwenye nyuzi nene, polepole, kama mtu anayekwenda kazini asubuhi. Kidole cha shahada kinacheza juu kwenye nyuzi nyembamba, kinakwenda mbio, kinarudi, kinamcheka gumba. Vidole viwili tu. Huko nyuma mwenzake mwingine anagonga chupa tupu kwa kitu cha chuma, na hiyo ndiyo ngoma yote. Papa huyu hakuwahi kushika gitaa. Lakini vidole vyake hewani vilikuwa vinafuata wimbo bila kukosa, miaka sabini baadaye.

Wa pili ni mama anayeuza ndakala sokoni. Yeye alimuona Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 80, kwenye ndoa ya mtu wa ukoo wa marehemu bwana yake. Anasema kwa haki kwamba mwanzoni hakufurahi. Alikuwa msichana, alitaka kucheza muziki wa Kinshasa, na kulikuwa na orkestra yenye magitaa ya umeme na vipaza sauti virefu kama kabati. Na pale pembeni, kwenye kiti cha mbao, mzee amekaa na gitaa kavu. "Niliuliza bwana yangu: uyu njo ule mwenye munasemaka kila siku?"

Halafu umeme ukakatika. Orkestra ikanyamaza katikati ya wimbo, watu wakapiga mayowe, mtu akaenda kutafuta mishumaa. Katika giza lile, anasema, walisikia gitaa la mzee. Hakuongeza nguvu, hakusimama. Alipiga tu. Mayowe yakashuka yenyewe, maana ukipiga kelele hutamsikia. Mama anasema aliona kwa mwanga wa mshumaa baba mkwe wake, mtu mkali ambaye hakuna aliyewahi kumuona analia, anapangusa macho kwa leso. Umeme uliporudi, watu waliwaambia wale wa orkestra wangoje kwanza.

"Mpaka leo, umeme ukikatika, miye sikasirike sana," aliniambia, akinipimia ndakala. Kwa jinsi umeme unavyokatika Tenke, huyu mama ana bahati kuliko sisi wote.

Sasa nifike kwa wa tatu, na hapa inanipasa kusema kosa langu.

Simu ya nane au ya tisa jioni ile ilitoka kwa mwanamke aliyesema yeye si wa kumuona Mwenda, ni papa yake aliyemuona. Nikamwambia vizuri, nitakuja nizungumze na papa. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Ulisemaka hivyo hivyo mwaka uliopita. Papa alikufa mwezi wa kwanza."

Ndipo nikamkumbuka. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu mwembamba mwenye kofia, aliyekuja studio na kuniomba nimrekodi. Alisema ana habari ya Mwenda ambayo hakuna mwenye kuijua. Nikamwambia juma lijalo. Juma lijalo kulikuwa na lori lililoanguka barabarani. Juma lingine kulikuwa na mkutano wa wakubwa. Halafu nikasahau. Alikuja mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na haraka. Mwandishi wa habari anakimbilia kile kilichotokea leo, na mzee mwenye habari ya mwaka 1960 anaonekana kama mtu anayeweza kungoja. Lakini yeye ndiye asiyeweza kungoja.

Nilikwenda nyumbani kwa binti yake. Nilimwomba samahani uani, mbele ya watoto wake. Alinipa kiti, na yeye ndiye aliyenieleza.

Papa yake alizaliwa Likasi, wazazi wake wakiwa watu wa Kasai waliokuja kufanya kazi ya migodi. Alipokuwa kijana alimuona Mwenda anapiga, akakaa karibu kabisa na kiti chake usiku mzima bila kucheza, akiangalia kidole gumba tu. Aliporudi nyumbani alipanga sauti ile mpaka alfajiri. Akanunua gitaa, na kwa miaka zaidi ya ishirini jirani zake Likasi walilala na "Masanga".

Mwaka 1992 ukafika. Walioishi wakati ule wanajua, na sitarudia hapa nani alisema nini. Watu wa Kasai waliambiwa hapa si kwao. Familia nyingi zilitoka nyumbani na kukaa kwenye gare ya Likasi, zikingoja gari la moshi, juma baada ya juma, chini ya maturubai, na kuna waliokufa palepale. Mwalimu alikuwa pale na mke wake na watoto wanne. Walipokosa chakula alitoa gitaa, akapewa unga. Binti yake, aliyekuwa na miaka saba, anakumbuka unga ule ulikuwa ndoo moja, na anakumbuka yule aliyechukua gitaa hakujua kulishika.

Gari la moshi lilipita hapa Tenke usiku. Mama yangu, akiwa na mimba yangu, alikuwa anaishi karibu na reli, na aliwahi kunisimulia juu ya magari yale: mabehewa yaliyojaa watu mpaka juu, na kimya chake. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku ningekaa kwenye kiti cha mtu aliyekuwa ndani.

Ndani ya behewa watoto walilia. Mwalimu hakuwa tena na gitaa. Basi akawafundisha wimbo kwa mdomo. Mtoto mkubwa akampa sehemu ya kidole gumba: dum, dum, taratibu. Binti huyu akampa sehemu ya kidole cha shahada, ile inayokimbia. Mama yao akagonga kikombe cha bati. Wakaupiga "Masanga" kwa midomo mpaka Kamina, na zaidi ya Kamina. Hiyo ndiyo habari ambayo mwalimu alitaka nirekodi.

Aliporudi huku miaka mingi baadaye, kazi ya mgodi ilipofunguka na watoto wake wakaitafuta, jirani walimuuliza kwa nini anapenda nyimbo za watu waliomfukuza. Binti yake anasema alijibu kwamba Mwenda hakumfukuza mtu, na kwamba kile alichokiona usiku ule Likasi hakikuandikwa kwenye karatasi ya kabila.

Nilimuuliza kama bado anakumbuka sehemu yake. Akaona haya kidogo, akawaambia watoto watoke, watoto wakakataa kutoka. Kaka yake mkubwa alikuwepo, amekuja kutoka Kolwezi. Wakatazamana. Kaka akaanza gumba, chini, polepole. Dada akaingia juu. Mtoto mmoja, bila kuambiwa, akachukua kikombe. Nilikuwa na simu mkononi, na safari hii nilibonya kitufe cha kurekodi kabla ya kufikiri jambo lingine lolote.

Dakika tatu na sekunde kumi. Inasikika kuku mmoja, na lori barabarani, na mwishoni dada anacheka kwa sababu kaka amekosa njia. Mhariri wangu anataka tukate kuku. Nimekataa.

Ninaandika haya kwa ajili ya wote, lakini zaidi kwa familia ambazo ziko kwetu bila kupenda: mliotoka Kasai, mliokimbia vita upande wa Mitwaba na Manono, na ninyi ambao kijiji chenu kilihamishwa ili udongo wake uchimbwe. Tunapokuja na kalamu zetu tunawauliza mlipoteza nini, na tunaandika: nyumba, mashamba, mbuzi. Ni haki kuandika hivyo. Lakini hatuulizi mlikuja na nini. Pengine ndani ya nyumba yenu kuna mzee aliyemuona Mwenda, au Edouard Masengo, au mpiga likembe wa kijiji chenu ambaye hakuna mashine iliyomrekodi. Mtu huyo hana kaseti. Anayo vidoleni na mdomoni. Siku akiondoka, anaondoka nayo.

Basi tumepanga hivi. Kila Jumamosi, siku ya posho kama wazee wanavyosema, mashine ya kurekodi itakuwa wazi kuanzia saa tisa, na mimi sitakuwa na mkutano wowote. Mlete wazee wenu. Asiyeweza kutembea, niambieni, nitakuja na pikipiki. Hailipwi kitu. Na mkiniona ninasema "juma lijalo", mnikumbushe mwalimu.

Jumamosi hii tunaanza na "Masanga" ya midomo miwili na kikombe kimoja. Na wewe mama uliyekuwa ku jiko: ni saa tisa kamili. Pika mbele.