Kupunguza Si Kufuta

Hebu nikuulize, mpenzi msomaji: katika mazishi ya mwisho uliyohudhuria, kile kijitabu ulichogawiwa langoni ulikisoma chote? Ama ulitazama picha ya jalada, ukajipepea nacho jua lilipowaka, kisha ukakiacha kitini? Usione haya. Hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi.

Mwaka wa 2019 mama yangu alipofariki, kamati ya mazishi iliniteua mimi nitayarishe kijitabu chake, maadamu kazi yangu ni ya kalamu. Nililetewa picha 60 na kurasa 9 za wasifu zilizoandikwa kwa mkono. Mjomba alitaka zote ziingie. "Tusije tukachekwa," alisema.

Lakini nilikumbuka somo tulilopewa chuoni. Mwaka wa 1948 mpiga picha W. Eugene Smith alikaa siku 23 na Daktari Ernest Ceriani katika mji mdogo wa Kremmling, jimbo la Colorado, Marekani. Alipiga picha nyingi mno, ila jarida la Life lilichapisha chache tu, zikiwa na maelezo mafupi kando yake. Katika mojawapo, daktari amesimama jikoni baada ya upasuaji wa usiku, kikombe cha kahawa mkononi, amechoka hoi. Msomaji hahitaji kuelezwa zaidi.

Wala si lazima twende Marekani. Itazame leso ya mama yako. Ina pindo, ina mji, na ina jina lenye maneno machache tu. Mwanamke akijifunga leso yenye jina la kumjibu jirani yake, haongezi neno, na jirani huupata ujumbe wake papo hapo. Wahenga walinena kwamba mwenye kelele hana neno.

Basi nikaanza kupunguza. Nilichagua picha moja: mama yuko kwenye cherehani yake, tepu ya kupimia shingoni, wala haangalii kamera. Chini yake niliandika kwamba alishona sare za shule kwa miaka 31. Nikaongeza majina ya watoto wake na ratiba ya ibada. Kurasa zikawa 4, na ule wa mwisho nikauacha mweupe. Mpiga chapa wa River Road aliniuliza kama kuna kitu nilichosahau. Nilicheka.

Kumbe kweli nilikuwa nimesahau.

Siku ya mazishi sikuona kijitabu hata kimoja kikitumiwa kujipepea. Watu waliitazama ile picha, wakaanza kusimuliana jinsi mama alivyowashonea watoto wao kwa mkopo ambao hakuudai. Hata mjomba alinyamaza. Nilijiona bingwa.

Kisha mama mdogo akaniita nyuma ya hema. Alikuwa ameweka kidole kwenye orodha ya watoto.

"Mwanangu," aliniuliza polepole, "na yule wa kwanza yuko wapi?"

Kabla yetu sisi, mama alijifungua mtoto mwaka wa 1979. Aliishi miezi 3 tu. Habari zake zilikuwa katika zile kurasa 9, mstari mmoja, nami niliukata kwa kuwa niliona hakuna aliyemjua. Hakuna? Mama alimjua. Ilikuwapo siku moja kila mwaka ambayo hakugusa cherehani kabisa, nasi watoto hatukuwahi kumuuliza sababu.

Sikuwa na la kusema. Nilimpa mama mdogo kalamu. Aliliandika jina la mtoto yule katikati ya ukurasa mweupe, na nakala hiyo ndiyo niliyoihifadhi hadi leo.

Mpenzi msomaji, siku hizi simu zimetufanya sote kuwa wapiga picha, na kila harusi au msiba huacha picha mamia. Ukiamua kusimulia habari za mtu wako kwa picha moja na maneno machache, hapana shaka utasomwa. Lakini kabla hujakata, keti na mzee mmoja wa jamaa, umsomee yale unayotaka kuyaacha. Huenda mstari unaouona hauna kazi ndio uliobebwa moyoni kwa miaka 40.

Mama alizoea kupima mara mbili kabla ya kushika mkasi. Mimi nilikata kwanza.