Mstari Usioonekana

Mwaka jana baba alitembea tangu asubuhi hadi magharibi na msumari uliopenya kandambili yake. Mama ndiye aliyeona damu sakafuni. Kisukari kimeua miguu yake ganzi taratibu, kuanzia vidoleni.

Mimi nilikuwa maabara, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nikiitafuta NGF, protini inayokuza neva, kwenye tezi za mate za panya. Ndiyo, za mate. Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Italia aliyezuiwa kufanya kazi chuoni kwa sheria za 1938, alijitengenezea maabara chumbani kwake. Baadaye aligundua kwamba uvimbe fulani wa panya unatoa kitu kinachozifanya neva za kiinitete cha kuku zichipue kama miale ya jua. Mwenzake, Stanley Cohen, alikikuta kitu hicho kwa wingi kwenye sumu ya nyoka. Sumu hutoka kwenye tezi, akawaza. Akaijaribu tezi ya mate ya panya dume. Kilikuwa tele. Mwaka 1986 wakapewa Nobel.

Mimi nilipewa utando mweupe, miezi mitatu mfululizo. Mstari uliopaswa kuonekana karibu na dalton 13,000 haukuwepo. Nilibadili jeli, nikabadili kingamwili, nikalaumu umeme. Hatimaye mzee anayelisha panya akaniuliza, "Binti, mbona unachukua majike tu?"

Kwa sababu hawang'ati sana. Tezi za dume zina NGF nyingi kuliko za jike kwa mbali. Nilishalisoma hilo, nikalisahau. Wiki iliyofuata mstari ulitokea, mweusi kama wanja.

Nikapiga simu Tanga.

"Shikamoo baba. Nimeiona!"

"Marahaba mama. Ndiyo dawa yenyewe?"

Ningeweza kusema inshallah. Lakini NGF ilishajaribiwa miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa kisukari wenye miguu kama yake, na jaribio kubwa la mwisho halikuonyesha nafuu.

"Si dawa, baba. Walijaribu, ikashindwa. Tena sindano yake ilikuwa inauma."

Akanyamaza kidogo.

"Inauma?" akauliza, kama mtu aliyesikia habari njema. Kisha akaniambia nikija nimletee viatu vya kufunika, namba 42, vyenye soli nene.