Nilimfutisha Jibu Sahihi

Kijana mmoja wa hapa Chitete alinijia na jibu sahihi, akaondoka na jibu la uongo. Aliyembadilishia ni mimi.

Yuko chuo kikuu, na likizoni alirudi na kazi ya hesabu aliyopewa na mhadhiri wake. Alinijia kwa sababu nilimfundisha sekondari, na kwa sababu nina programu ya kuchora nyuso za kihesabu: unaandika fomula, uso unatokea, unauzungusha kama unavyoligeuza embe mkononi kabla ya kulinunua. Hapa kwenye makao makuu ya Wilaya ya Momba, mwalimu wa hesabu mwenye kompyuta huaminika haraka. Nililijua hilo, na lilinipendeza.

Swali lilikuwa hili: z = xy²/(x² + y⁴) inaelekea thamani gani x na y zikikaribia sifuri? Daftarini aliandika kwamba haina limiti. Ukiiendea sifuri kwa mstari ulionyooka, wowote ule, unapata 0. Lakini yeye aliiendea kwa parabola, x = y², na huko thamani haishuki kabisa; ni 1/2 njia nzima. Njia mbili, majibu mawili, basi limiti hakuna.

Sikuisoma kazi yake hadi mwisho. Niliandika fomula, na uso ukatokea na matuta upande mmoja, mabonde upande wa pili, yote yakilala taratibu kuelekea katikati hadi kuwa tambarare.

“Unaona? Limiti ni 0. Hapo kwenye parabola umekosea.”

“Lakini mwalimu, nimeirudia.”

“Irudie tena.”

Akachukua kifutio. Alikuwa na hoja mkononi, ila alinyamaza kwa heshima, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ameelewa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Picha niliiamini upesi kwa kuwa ilikubaliana na nilichokwisha kukifanya kichwani: nilikuwa nimejaribu mistari iliyonyooka tu.

Kompyuta haichori uso mzima. Inachagua vituo vilivyopangwa kama miraba ya daftari la hesabu, inakokotoa z katika kila kituo, kisha inaviunga kwa pembetatu ndogondogo. Tuseme vituo vimeachana kwa 0.1. Kwenye y = 0.1, kilele cha tuta kiko x = 0.01, na urefu wake ni 0.5. Lakini kituo cha kwanza kiko x = 0, ambako z ni 0, na cha pili x = 0.1, ambako z haifiki 0.1. Kilele kimesimama katikati yao na hakuna aliyekipima. Kadiri unavyoikaribia sifuri tuta linazidi kuwa jembamba, na wavu unalikosa. Programu ilifanya kazi yake. Mimi ndiye sikufanya yangu.

Nyuso hizi za kwenye skrini zimeleta ugunduzi mkubwa, na sitaki mtu aziache kwa ajili yangu. Mwaka 1982 Celso Costa, Mbrazili, aliandika milinganyo ya uso mpya ambao hakuna aliyejua kama unajikata wenyewe. David Hoffman, akisaidiwa na mwandishi wa programu James Hoffman, aliuchora kwa kompyuta na kuuona ulinganifu wake. Kisha yeye na William Meeks wakakaa chini wakathibitisha kwa hoja kwamba haujikati. Picha iliwaonyesha pa kuanzia kazi. Mimi niliifanya pa kuimalizia.

Kazi ya kijana ilisahihishwa, na swali lile akapata sifuri. Aliporudi tena nyumbani nilimwita. Nilichukua kalamu nikaweka x = 0.0001 na y = 0.01. Juu nikapata 0.00000001, chini 0.00000002. Nusu, kama alivyosema. Kisha tulifungua programu tukaikuza sehemu ya katikati. Tuta likainuka pale palipokuwa tambarare, likazama tena karibu na sifuri. Tukakuza zaidi, likainuka, likazama. Yeye ndiye aliyeshika kipanya.

Nilimwomba radhi. Alisema yameisha, lakini alama ile haikurudi. Matokeo yalikuwa yamekwisha kupelekwa.