Daftari la Mugera

Ofisi yetu ipo katika eneo la viwanda hapa Bujumbura, ambako malori hupita kutwa na vumbi lake. Kazi yangu ni kupokea karatasi za watu, kuzikagua na kuzigonga mhuri. Nimewarudisha wengi nyumbani kwa kukosa cheti kimoja tu, wala sikupata kukosa usingizi kwa ajili hiyo, mpaka zamu ilipomfikia mama yangu mzazi.

Baba alikuwa askari. Alipofariki, mama aliambiwa kwamba hatalipwa haki ya mjane pasipo cheti cha ndoa. Nacho kiliteketea pamoja na nyumba yetu katika vita vilivyoanza mwaka 1993.

"Twende Mugera, mwanangu," akasema. "Ndiko tulikofungia ndoa."

Tukapanda gari la abiria, tukapita Bugarama penye baridi na ukungu, kisha Muramvya, hata tukafika Gitega, na kutoka hapo tukaelekea kaskazini. Misheni ya Mugera ilianzishwa mwaka 1899 na Mapadri Weupe, shirika lililoundwa huko Algeria mwaka 1868 na Lavigerie, askofu Mfaransa. Kila tarehe 15 Agosti mahujaji humiminika huko kutoka pande zote za nchi. Siku yetu haikuwa ya sikukuu. Tulikuta kanisa kubwa la matofali, mbuzi wawili, na vilima vya migomba na kahawa pande zote. Wanawake waliotoka shamba walikuwa wameweka majembe chini, wakipumzika kivulini. Mmoja akamwuliza mama ni binti wa nani. Mama akalitaja jina la babu, na papo hapo wakamsogezea nafasi akae.

Padri akafungua daftari kuukuu. Jina la baba lilikuwapo. La mama lilikuwapo pia, ila kwa herufi moja tofauti na kitambulisho chake. Nilijua vema karani angesema nini juu ya herufi ile, maana ndivyo ambavyo ningesema mimi. Padri akaandika barua ya kueleza. Mama hakuishughulikia barua. Aliomba aonyeshwe mstari ule tena, akaweka kidole chini ya jina la baba, ingawa hajui kusoma.

Barua iko mahakamani sasa. Tumeambiwa turudi Alhamisi, naye mama ameshafua kitenge chake.