Nilivyoingoja Sinema ya Joker

Mwaka 2019, nami nikiwa mtoto wa miaka 11, kaka yangu alinihadithia habari za Joker, yule adui wa Batman aliyetokea kwanza vitabuni mwaka 1940. Tulisikia kwamba Todd Phillips ametengeneza sinema ya kueleza jinsi mtu yule alivyopata kuwa mwovu, na mchezaji wake ni Joaquin Phoenix. Mwezi Septemba ikapata Simba wa Dhahabu huko Venice, kaka hakulala! Mimi nalitaka kujua jambo moja tu: je, mtu huzaliwa mbaya? Maana mwalimu mmoja alikwisha niambia kwamba mimi ni hivyo tangu tumboni.

Oktoba ikafika. Nikaambiwa ni mdogo, kaka akaenda peke yake. Aliporudi nikamwuliza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Walimcheka mno."