Kivinjari Kinapoganda, Leicester na Unguja

Hapa Leicester, Uingereza, kivinjari cha kompyuta ya nyumbani kinapoganda, ukurasa ukabaki mweupe na bonyezo lisisikike, aghalabu watu hawaushuku mtandao, kwani umo majumbani mwao kama maji ya bomba, hulipiwa kwa mwezi na mwenye nyumba haulizwi ametumia kiasi gani. Huishuku mashine, na mashine ikishukiwa mara ya pili huambiwa imezeeka, inunuliwe nyingine. Kwetu Unguja mambo huanzia upande wa pili: mtu huulaumu mtandao kwanza, akatoka na simu yake uani kutafuta mawimbi, akanunua bando jingine, na asipoona nafuu ndipo huibeba kompyuta hadi Darajani kwa fundi, ambaye kwa ujira mdogo huipiga Windows upya.

Insafu yataka tukiri kwamba dhana ya watu wa nyumbani ina asili. Kabla ya mwaka 2009, waya wa SEACOM ulipofika pwani yetu kupitia chini ya bahari, Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti kuufikia ulimwengu wa intaneti. Na hata baada ya hapo, Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu kwa pamoja, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizodhikika. Mtu aliyepitia hayo hawezi kulaumiwa kwa kuanza na mtandao. Ninachokitetea ni kwamba baina ya kivinjari kinachosubiri na kivinjari kilichokwama ipo tofauti iliyo dhahiri, na kuibainisha hakugharimu hata senti moja.

Shangazi yangu aliponipigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, alisema, "Mwanangu, mtandao wa leo mbovu kabisa." Nikamuuliza, "Shangazi, menyu ya juu inafunguka?" Akajibu, "Haifunguki, na hata ile alama ya kufungia haisikii." Basi shaka juu ya mtandao ikapungua pale pale, maana kivinjari kinachongoja data kutoka mbali huendelea kumtii mwenyewe: menyu hufunguka, kichupo kingine hufunguliwa, ukurasa wa zamani hupanda na kushuka. Kisipotii chochote, aghalabu kimeelemewa humo humo ndani ya mashine.

Na kuelemewa huko kuna sababu inayoeleweka. Tangu Chrome ilipotoka mwaka 2008, kurasa hugawanywa katika michakato mbalimbali, ili mmoja ukifa usiziangamize nyingine. Faida hiyo hulipiwa kwa RAM. Katika kompyuta yenye GB 4 na diski ya kuzunguka, vichupo vikizidi, Windows hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni nzito mno kulinganishwa na RAM, na taa ya diski huwaka bila ya kupumzika. Dawa ya kwanza ni kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kutazama kinachokula RAM, na kukikomesha hicho peke yake. Chrome ina orodha yake pia, hupatikana kwa Shift na Esc, inayoonyesha kila kichupo kimechukua kiasi gani. Tatizo likirudi, ufunguliwe ukurasa ule ule katika Hali Fiche, ambamo viendelezi kwa kawaida huwa vimezimwa: ukienda vyema, kimojawapo cha viendelezi ndicho cha kushukiwa.

Hapa nawatahadharisha jamaa zangu wa ughaibuni. Ushauri tuliouzoea huku, wa kufuta akiba ya kivinjari kila kinapozubaa, hapa hauna gharama. Unguja, picha na faili zilizofutwa hupakuliwa tena kwa bando, na anayelipa ni yule yule tuliyedhani tunamsaidia. Tusianze nao. Na kupiga Windows upya kabla ya uchunguzi ni dhuluma kubwa zaidi, kwani picha za harusi, alamisho na nywila za miaka huenda zikapotea kwa sababu ya kiendelezi kimoja.

Mafundi wa Darajani, wallahi, wanaweza makubwa kuliko tunayowaomba. Ilhali hapa Leicester mashine hutupwa, kule hufunguliwa. Basi waombwe kuitoa diski ya kuzunguka na kutia SSD, na kuongeza RAM, kazi ambayo huibadili kabisa kompyuta kuukuu. Nasi tunaopeleka mashine nyumbani, hasa sasa ambapo msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025 na kompyuta nyingi zisizoweza kupokea toleo la 11 zinatafutiwa pa kwenda, tuchunguze kabla ya kuzipakia iwapo RAM yake ina nafasi ya kuongezwa, kwani katika kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi imelehemewa kwenye ubao, na hapo hata fundi hodari ni muhali kuongeza kitu.